Tupeane uzoefu: masta ya umeme nje ya nchi, sisi wa Mtwara na Lindi

Wadau, salaam. Vijana wa huku kwetu wananipigia sana simu wakiuliza njia ya kwenda kusoma uhandisi wa umeme nje. Naanza na yangu, nanyi mliopita mshushe za kwenu.

Nilisoma Ujerumani. Vyuo vingi vya serikali kule havitozi ada, ila Baden-Württemberg wanatutoza sisi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Mziki uko kwenye viza: kama huna mfadhili, uonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti maalumu, na kwa mwezi unatoa 992 tu. Mfadhili nilimpata mara ya pili kuomba. Mtihani wa Kiingereza niliulipia kwa hela ya korosho za mzee, nikapanda basi hadi Dar kuufanya.

Muhula wa kwanza hesabu zilinitoa jasho. Siku moja kwenye semina profesa akauliza: gridi ndogo iliyojitenga, mtambo mmoja ukizima ghafla, kinatokea nini? Wenzangu wakaanza kupekua madaftari. Mimi nimekulia Shangani ya Mtwara. Nikawaambia Mtwara na Lindi tulikaa miaka nje ya gridi ya taifa, tukitegemea mitambo inayotumia gesi ya Mnazi Bay, megawati 18. Mmoja ukitoka, masafa ya umeme (mizunguko yake kwa sekunde) yanashuka chini ya hezi 50, na msipokata mzigo haraka, yaani kuwazimia baadhi ya watumiaji, iliyobaki nayo inazima. Nikawaeleza balbu ya sebuleni inavyofifia, feni inavyolegea, kisha giza. Profesa akasogeza kiti karibu. Tasnifu yangu nikaifanyia juu ya tatizo hilo hilo. Kwa hiyo mdogo wangu, kwenye barua ya maombi andika umeme wa kwenu ulivyokusumbua. Hicho wengine hawana.

Binti wa Mitwero: Asante kaka. Mimi nilikwenda China kwa ufadhili wa serikali yao, yuan 3,000 kwa mwezi, bweni bure. Darasani Kiingereza, maabara Kichina kitupu. Osiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, maandishi yote ya Kichina! Nilikata vipande vya karatasi nikabandika juu ya vitufe: anza, simamisha, kuza. Baada ya miezi mitatu nikavibandua. Msimamizi wangu alikuwa mkali lakini alinisomea kila ukurasa, namshukuru mpaka leo.

Mwana Newala: Shikamooni. Mimi bado sijafika huko. Mwaka jana chuo changu kilinicheleweshea transkripti (karatasi ya matokeo) miezi minne, dirisha la maombi likafungwa. Iliniuma sana. Safari hii transkripti ninayo mkononi, barua ndiyo inanishinda. Mwisho ni Ijumaa.

Mwanzisha uzi: Marahaba Mwana Newala. Nitumie hiyo barua leo usiku hata kama haijakamilika, tuipitie pamoja. Na dada wa Mitwero, kama una nafasi, naye umsomee.

Binti wa Mitwero: Nipo. Itume.