Vinyago vya Walega: kibandiko kiseme nini, na vitundikwe vipi?

Fundi_Rafu
Habari wadau. Tunaandaa maonyesho madogo hapa Nairobi na tumeazimwa vinyago vinne vya mbao vya Walega, kutoka mashariki mwa Kongo. Vitatu vinatosha kiganjani, kimoja kina urefu wa sentimita 28 hivi. Nyuso zimebonyea mfano wa kopa la karata, zina udongo mweupe, na vidogo vina ndevu za nyuzi. Kibandiko kwa sasa kinasema "kinyago cha jando, huvaliwa usoni na mcheza ngoma". Ni sawa? Na je, vyote nivitundike ukutani kwa mstari mmoja?

Mwana_Mbao
Ndugu, futa "jando" kabla hujachapisha. Jando la Walega huitwa bwali, nalo ni mlango tu. Vinyago ni vya bwami, chama cha watu wazima kinachopandwa ngazi kwa ngazi maisha yote. Ngazi za wanaume kwa kawaida huhesabiwa tano, ya juu kabisa ikiwa kindi, na chini yake yananio. Wanawake nao wana zao: bombwa, bulonda na bunyamwa. Mtu hapandi kwa nguvu wala kwa kurithi peke yake. Lazima awe na tabia iliyokubalika, jamaa wa kumsaidia kukusanya mali ya kutoa (nyama, mbuzi, na fedha ya makombe iitwayo musanga), na walezi wa kumfundisha.

Vile vidogo vya mbao huitwa lukwakongo. Ni alama ya mtu wa lutumbo lwa yananio, daraja la juu la yananio, na kila mmoja ana chake. Akifa, kinyago huwekwa kaburini kwake kwa muda, kisha hupewa jamaa anayeshika nafasi yake. Kile kikubwa huenda ni idimu, ambacho kwa kawaida hutunzwa na mtu mmoja kwa niaba ya kundi zima. Lakini kipo pia kikubwa kingine cha mbao, muminia, na kipimo peke yake hakitoshi kuvitofautisha. Kama mwenye mali hana kumbukumbu ya kilikotoka, andika "kinyago kikubwa cha bwami" na uishie hapo.

Sasa "huvaliwa usoni" ndipo kosa kubwa lilipo. Lukwakongo huweza kufungwa kwenye paji la uso, kwenye kipanda uso, kisogoni, mkononi au gotini. Hushikwa kwa ndevu na kutikiswa, huburutwa chini, hurundikwa pamoja na vingine, au hufungwa kwenye ua wa fito, kikubwa katikati na vidogo pembeni. Kila mkao huenda na methali inayoimbwa na kuchezwa, kwa hiyo kinyago kilekile hubeba fundisho moja hapa na jingine pale. Hakuna maana moja ya kuandika chini ya kila kimoja, na atakayekupa orodha ya namna hiyo amebuni.

Kwa hiyo usivipange mstari mmoja. Tengeneza kiunzi cha fito, kikubwa kikae katikati kwenye usawa wa macho na vidogo viwili ubavuni. Cha tatu kilaze kwenye jukwaa la chini, ndevu zikiwa zimenyooshwa. Mtazamaji ataelewa kabla hajasoma neno.

Dawa_ya_Bungua
Naongezea upande wa utunzaji. Usining'inize kitu chochote kwa ndevu zake. Nyuzi kavu hukatika penye tundu la kidevu, kwa sababu hapo ndipo zimekunjwa. Beba uzito kwa vishikio vitatu vya waya vilivyovikwa mpira laini, viwili chini ya mashavu na kimoja juu.

Usipitishe kitambaa chenye maji. Ule udongo mweupe haukushikwa na gundi ya maana, ukitoka mara moja tu, hakuna wa kuurudisha. Vumbi litoe kwa brashi laini iliyo kavu. Mafuta na rangi ya viatu ni marufuku: hujaza michirizi na kufanya kitu cha zamani kifanane na cha juzi.

Kabla ya kuingiza ukumbini, weka kila kimoja juu ya karatasi nyeusi kwa wiki. Ukikuta unga mpya chini ya matundu, bungua, mdudu atoboaye mbao, yuko hai. Funga kinyago kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba kwa utepe, gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Ukitoa, acha mfuko umefungwa saa 24, ili unyevu utue nje ya plastiki badala ya juu ya mbao. Wanaofungua mapema ndio hupata madoa na nyufa.

Fundi_Rafu
Asanteni sana, kibandiko nakiandika upya. Mwenye mali ametaja pia kimoja kidogo cha pembe ya ndovu. Nikipokee?

Mwana_Mbao
Hicho kitakuwa lukungu, cha daraja la juu la kindi. Hapo pembe na mfupa huchukua nafasi ya mbao. Usikiguse bila hati ya Shirika la Wanyamapori (KWS). Sheria ya wanyamapori ya 2013 haisamehi pembe ya ndovu kwa kuwa imechongwa au ni ya kale. Weka picha yake, na uandike kwamba utawala wa Wabelgiji ulipiga bwami marufuku 1948. Mtazamaji atauliza kwa nini vitu vya kurithishana viko mbali na warithi wake.