Koksidia imenilia faida, naomba ushauri

Wafugaji wenzangu, shikamooni wakubwa, wengine habari za leo. Niko Morogoro, nafuga kuku wa nyama 300. Siku ya 22 nilikuta kinyesi chenye damu, vifaranga wamejikunyata na mabawa yameshuka. Bwana mifugo akasema ni koksidia, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vijidudu, nikawapa dawa ya amprolium siku 5.

Walikufa 41. Nilidhani hasara ndiyo hiyo: kwa bei ya shilingi 7,000 kila kuku ni kama 287,000. Kumbe vifo ndiyo kidogo! Waliobaki 259 walidumaa, maana utumbo ukishachubuliwa na vijidudu hivi chakula kinapita tu. Nikawalisha siku 9 za ziada, mifuko 6 ya 76,000, yaani 456,000. Na bado mteja akawachukua kwa 6,000, nikapoteza 259,000 nyingine. Dawa sijaihesabu, wala usingizi wa mke wangu.

Kosa langu nalijua: kinyweshea kilivuja, maranda yakalowa, nami nikawa nasema kesho nitayabadilisha.

Sasa nataka kuingiza kundi jipya. Nimesikia mayai ya koksidia hayafi kirahisi kwa dawa za kawaida za kuulia vijidudu. Je, nichome sakafu kwa moto wa gesi, au chokaa inatosha? Na kwa anayetumia chakula chenye kinga ya koksidia tangu siku ya kwanza, gharama inalipa kwa kuku 300? Kingine, duka moja waliniuzia vitamini nichanganye na amprolium. Baadaye nikaambiwa vitamini B1 inaipunguzia dawa nguvu. Ninyi mnazipangaje?