Mrejesho: Makuli na foklifti kwenye ghala letu Vingunguti

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa tatu niliomba ushauri hapa baada ya foklifti kumkosakosa kijana wetu mlangoni, amejitwika gunia la mchele na haoni pembeni. Asanteni sana mlionijibu.

Nilianza na kutenganisha njia. Tukapiga rangi ya njano sakafuni: waenda kwa miguu upande wa ukuta, foklifti katikati, dereva anapiga honi kila kona. Imesaidia mno. Hata vibarua wa siku moja wanaelewa haraka.

Ila aliyesema "acheni kumkata mtu hela akiripoti kosa" ndiye aliyegeuza mambo. Nilimwomba bosi afute makato, akakubali. Wiki mbili kimya. Kisha mama anayefagia akanishika mkono, akanionyesha mguu wa rafu uliopinda, nyuma ya madumu ya mafuta ya kupikia. Tulishusha mzigo siku ileile. Mungu mkubwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka pawe na mwakilishi wa usalama; kwetu sasa ni yeye.

Kilichokwama ni buti. Tulinunua, lakini kwa joto hili la Dar vijana wanavua na kurudi kwenye ndala, hasa kontena likichelewa, maana wanalipwa kwa kontena. Malipo hayo sijaweza kuyabadili, na naamini tatizo liko hapo. Aliyewahi kuhamia malipo ya siku bila kazi kuzorota, naomba anielekeze.