Hofu ya watu imenitawala: nianze na dawa au tiba ya mazungumzo?

Sauti_Ndogo

Habari zenu wakuu. Huwa nasoma tu na kupita, leo nimejikaza niandike.

Nina miaka 27, mwanamke, nimeajiriwa. Tatizo langu ni kuogopa watu. Sisemi haya za kawaida, maana dada yangu ana haya, ila akishamzoea mtu wanaongea mpaka usiku. Mimi sizoei.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye kikao, watu kumi na mmoja. Mwenyekiti akasema kila mtu ataje jina lake na kazi anayofanya. Wakaanzia upande wa pili wa meza. Nikahesabu haraka: mimi ni wa tisa. Kuanzia hapo sikusikia jina la mtu hata mmoja, nilikuwa narudia moyoni jina langu, kazi yangu, jina langu, kazi yangu. Walipofika wa saba viganja vilikuwa vimelowa mpaka karatasi niliyoshika ikalegea. Zamu yangu ikafika, sauti ikatoka nyembamba, ikakatika katikati ya jina langu mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Lakini usiku ule sikupata usingizi, nilizirudia zile sekunde chache kichwani hadi karibu alfajiri.

Hali hii ninayo tangu nina miaka 13 hivi. Sili mbele ya wenzangu. Simu ikiita naiangalia mpaka ikatike, halafu natuma ujumbe. Mwaka huu nimekataa kupandishwa cheo kwa sababu cheo kile kina vikao vingi, na bosi nikamdanganya kwamba nina majukumu ya nyumbani. Hilo ndilo lililonipeleka kwa daktari.

Daktari alinisikiliza, akasema ni ugonjwa wa hofu ya kijamii na unatibika. Akaniandikia sertralini, miligramu 25 kwa wiki ya kwanza kisha 50. Akasema pia kuna tiba ya mazungumzo, nichague au nifanye vyote. Boksi la dawa liko kwenye droo, sijalifungua. Naogopa kuwa tegemezi wa vidonge. Tiba ya mazungumzo nayo ni kukaa na mtu nisiyemjua nikaongea, na hicho ndicho kitu ninachokiogopa kuliko vyote. Waliopitia haya, mlianza na kipi?

Mwendo_Pole

Pole sana dada. Hata mimi shuleni nilikuwa hivyo. Dawa ni kujichanganya tu, nenda kwenye watu kila siku, utashangaa siku moja imeisha yenyewe. Usijitie kwenye vidonge mapema.

Nyuma_ya_Pazia

Mwendo_Pole, najua umesema kwa nia njema, ila kwa mtu wa aina yetu ushauri huo haukamiliki. Mimi nilijichanganya na watu miaka kumi na miwili na hofu haikupungua hata chembe. Nilikuja kujua sababu kwenye tiba.

Nilikuwa naenda kwenye watu na silaha zangu za kujificha. Nashika kikombe kwa mikono miwili kisitetemeke. Naandaa sentensi kabla ya kuitamka. Nauliza maswali mfululizo ili nisiulizwe mimi. Nakaa karibu na mlango. Sasa kila nikitoka salama, akili inasema umepona kwa sababu ya zile mbinu, bila hizo ungeaibika. Kwa hiyo hofu haipati nafasi ya kujua kwamba hakuna hatari. Dada, ulivyokuwa ukirudia "jina langu, kazi yangu" ulikuwa unafanya hivyohivyo. Macho yako yote yalikuwa ndani, unajitazama wewe, husikii watu.

Tiba niliyofanya inaitwa tiba ya utambuzi na tabia, kwa mtindo wa Clark na Wells, wataalamu walioeleza mzunguko huu mwaka 1995. Siyo ya kulala kwenye kochi na kusimulia utoto. Kikao cha pili au cha tatu nilizungumza na mtu nisiyemjua mara mbili, dakika chache kila mara. Mara ya kwanza niliambiwa nitumie mbinu zangu zote na nijichunguze. Mara ya pili niziache zote, nimsikilize yeye tu. Vyote vikarekodiwa kwa video. Kabla ya kuitazama nikaulizwa: unadhani umeonekanaje? Nikasema nimekuwa mwekundu, mikono inatetemeka, kila mtu ameona. Tukaiwasha. Kumbe ile ya kwanza, niliyojilinda, ndiyo niliyoonekana mkavu na kama simpendi mwenzangu. Ile ya pili nilikuwa mtu wa kawaida anayeongea. Nililia pale pale, miaka kumi na miwili nilikuwa napigana na picha ya kichwani mwangu.

Baada ya hapo ni majaribio ya nje: nyamaza makusudi katikati ya sentensi uone watu watafanya nini, dondosha kalamu kikaoni, uliza swali ambalo jibu lake unalijua. Vilikuwa vikao 14, kila kimoja saa moja na nusu. Sikutoka nikiwa msemaji wa watu. Bado moyo unanienda mbio, ila sasa naongea huku unaenda mbio.

Mwaka 2013 taasisi ya NICE ya Uingereza ilitoa mwongozo wa ugonjwa huu, na tiba hii ya mtu mmoja mmoja ndiyo waliyoiweka mbele kwa watu wazima. Dawa za kundi la sertralini wanazipa nafasi kwa asiyetaka mazungumzo, au pale mazungumzo peke yake yakiwa hayatoshi.

Dozi_kwa_Dozi

Nafanya kazi ya famasi, ngoja niseme upande wa vidonge maana watu wanaviogopa kwa sababu zisizo zake.

Sertralini haileti uraibu kama pombe, hutakuwa na kiu nayo wala hutaongeza dozi kila mwezi ili usikie kitu. Ila ukiacha ghafla mwili unalalamika: kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira, wengine wanahisi kama shoti za umeme kichwani. Ndiyo maana inapunguzwa taratibu, daktari akijua.

Siku za mwanzo tegemea kichefuchefu, tumbo kuvurugika, kichwa kuuma, usingizi kubadilika. Hili watu hawaambiwi: wasiwasi wenyewe unaweza kupanda kidogo kabla haujashuka. Wengi wanaacha siku ya tano wakidhani dawa imewakataa. Nafuu inahesabiwa kwa wiki, na kwa ugonjwa huu inaweza kufika wiki 12 kabla ya kusema imefanya au haikufanya. Hamu ya tendo la ndoa inaweza kupungua, usione aibu kulisema hilo kwa daktari. Mwambie pia dawa nyingine unazotumia na kama una ujauzito au unapanga. Na ukianza kupata mawazo ya kujidhuru, usisubiri tarehe ya kurudi, tafuta msaada siku hiyohiyo. Kwa walio chini ya miaka 25 tunalifuatilia hilo kwa karibu zaidi, lakini halimhusu kijana peke yake.

Sauti_Ndogo

Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Nyuma_ya_Pazia, hapo kwenye kikombe cha mikono miwili nimejiona kabisa.

Dozi_kwa_Dozi, naomba kuuliza. Kuna mwenzangu kazini anameza propranololi kabla ya kuwasilisha ripoti, anasema mikono inatulia. Ameniambia atanigawia. Si ningetumia hiyo tu siku za vikao?

Dozi_kwa_Dozi

Usipokee dawa ya mtu, dada yangu. Propranololi inapunguza mapigo ya moyo na mtetemo, ndiyo maana inamsaidia mtu ambaye shida yake ni jukwaa tu. Mawazo ya hofu haiyagusi. Wewe huli mbele ya watu na simu hupokei, utaimeza mara ngapi kwa siku? Tena mwenye pumu hatakiwi kuitumia, inaweza kumbana kifua vibaya. Ukiwa na kikao kimoja kikubwa, muulize daktari wako.

Diazepamu na ndugu zake, zile dawa za kutuliza wasiwasi haraka, ndizo hasa zenye utegemezi unaouogopa. Usizifanye za kila siku. Na pombe ya kujipa ujasiri usiianze kabisa.

Kimya_Kirefu

Mimi nilianza na dawa kwa sababu mtaalamu wa tiba aliyekuwepo alikuwa na foleni ya miezi. Mwezi wa tatu ndipo niliona tofauti. Hofu ilikuwepo ila imeshushwa sauti, nikaweza kufanya mazoezi ambayo zamani nisingeyagusa. Kosa langu lilikuwa moja: nilipojisikia vizuri nikaacha mwenyewe. Ndani ya miezi miwili nilikuwa nimerudi chumbani kwangu. Safari ya pili nilikaa na dawa mwaka na nusu, nikafanya na tiba, nikashuka polepole. Sasa ni mwaka wa tatu.

Kuhusu kumwogopa mtaalamu, dada, yeye watu wake wote wanaingia mlangoni wakiwa wanamwogopa. Wangu alinikubalia vikao viwili vya kwanza kwa kuandikiana ujumbe kwenye simu. Omba. Na kama sauti inakukatika, andika kwenye karatasi umkabidhi ukifika.

Nyuma_ya_Pazia

Karatasi ni sawa kwa siku ya kwanza. Baadaye atakuomba uiache, usishtuke.

Sauti_Ndogo

Nimeamua. Boksi nitalirudisha kwa daktari kwanza tuzungumze, nataka nianze na tiba, na nimuulize kama anaona nihitaji vyote viwili. Nimeshaweka miadi na mtaalamu, kwa ujumbe, siyo kwa simu, ni Alhamisi. Karatasi nimeiandika hivi, niambieni kama inatosha:

"Naogopa watu tangu nina miaka 13. Najua hawatanidhuru, lakini mwili haujui. Nimekataa kazi niliyokuwa naitaka. Sauti ikinikatika hapa ndani, naomba unisubiri, nitamalizia."

Kimya_Kirefu

Inatosha. Alhamisi ukitoka tuandikie.