Naomba ushauri: pedi za mapaja kwa vijana wa vidau vya tanga

Assalamu alaikum ndugu zangu, shikamooni wakubwa.

Hapa Shela, Lamu, nafundisha vijana kuendesha vidau vidogo vya tanga moja, aina ya Laser. Unapitisha miguu chini ya mkanda, unakaa ukingoni na kulaza mwili nje upande unaotoka upepo ili chombo kisilale. Kusi ikikaza, mapaja yanachubuka kwa nyuma na miguu inakufa ganzi. Kwenye mashua zetu mabaharia hukalia ubao, lakini hapa ni ukingo mtupu unaokata palepale. Binti mmoja mwenye kipaji kweli ameanza kukwepa mazoezi, na hilo linaniuma.

Kikoi kilichokunjwa kinateleza. Sponji ya godoro inafyonza maji na kuwa mzigo. Kaptura za waendesha baiskeli zina pedi makalioni, na sisi uzito wetu uko nyuma ya mapaja. Kaptura maalumu za waendesha vidau hivi ni za neoprini, yaani mpira mnene, na ndani zina vipande bapa vigumu vinavyotandaza uzito. Kuziagiza nje hatumudu.

Nataka fundi wa hapa azishone. Je, vipande hivyo nikivikata kwenye bomba la plastiki lililopasuliwa vitafaa, au lazima faibaglasi? Na viishie wapi ili visifinye nyuma ya goti? Pia, anayemjua fundi wa Lamu au Mombasa mwenye cherehani ya kupenya mpira mnene, tafadhali anielekeze.