Kuna raha gani kumvua trauti kisha kumrudisha mtoni?

Mwenyeji wa Mikindani aliuliza:

Salaam kwenu wanajukwaa. Shemeji yangu anayefanya kazi katika mashamba ya chai ya Mufindi amenialika niende mwezi ujao tukavue trauti kwa fimbo na nzi wa bandia, ila amenitahadharisha mapema kwamba kila samaki tutakayemnasa tutamrudisha mtoni. Mimi nimelelewa na wavuvi wa mshipi, na kwetu samaki akishaingia mtumbwini hesabu yake ni ya jikoni au ya mnadani. Hakuna hesabu ya tatu. Sina nia ya kubeza mchezo wa mtu, lakini ningependa kuelewa kabla sijapanda basi la Songea: raha yenyewe iko wapi ikiwa mtu anarudi nyumbani mikono mitupu, na je, samaki aliyerudishwa huishi kweli au huenda kufia mbele ya safari? Aidha, kwa kuwa baadhi yetu hupokea wageni wanaoulizia uvuvi wa namna hii, kuna mahali popote Mtwara au Lindi ambapo trauti anaweza kupatikana?

Mstaafu wa Mufindi alijibu:

Nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ni fupi: hapana. Trauti ni samaki wa maji baridi yenye oksijeni nyingi. Hustawi katika maji ya nyuzijoto 10 hadi 16 hivi za Selsiasi, hupata taabu yakizidi 20, na yakikaribia 25 maisha yake yamo hatarini. Mito ya Ruvuma na Lukuledi hupita nchi ya chini yenye joto, kwa hiyo haziwezi kumweka. Newala iko juu kidogo, lakini kila aliyeishi kwenye uwanda wa Makonde anajua jinsi mchanga wake unavyoinywa mvua yote, hata watu wakateremka mabondeni miaka na miaka kutafuta maji ya kunywa, sembuse ya kumfugia samaki mgeni. Na ni mgeni kweli: hata kwenye nyanda za juu aliletwa wakati wa ukoloni, kama alivyopelekwa Kenya mwaka 1905 na kupandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare.

Sasa raha. Katika mshipi wetu wa pwani, chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia uzi, ndiyo inayoupeleka. Nzi wa bandia hana chubwi. Ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi, nyepesi mno kurushwa kwa uzito wake, kwa hiyo uzito umewekwa ndani ya uzi wenyewe, ambao ni mnene, na mvuvi huupeleka nyuma na mbele hewani mpaka fimbo ijipinde na kuusukuma kule anakotaka. Hilo peke yake lina utamu wake, lakini ni mlango tu. Trauti hulala akiuelekea mkondo, nyuma ya jiwe au pale maji ya kasi yanapokutana na ya polepole, ili chakula kimfuate naye asitumie nguvu. Mvuvi makini hugeuza mawe kwanza, akaangalia ni viluwiluwi vya wadudu gani vimeshika chini yake, ndipo achague nzi anayefanana navyo. Kisha ajiulize asimame wapi kivuli chake kisimwangukie samaki, na autupe uzi namna gani mkondo usije ukamburuta nzi upande, kwa sababu trauti akiona mdudu anateleza kinyume na maji mara nyingi hamgusi, hata awe na njaa. Anapopanda na kumnyonya huyo nzi, umeshajua kwamba uliyasoma maji sawasawa. Raha imekamilika hapo, kabla samaki hajafika mkononi.

Kumrudisha kuna sababu iliyo wazi zaidi ya watu wanavyodhani. Vijito vile ni vyembamba, samaki si wengi, na wavuvi wachache wenye bidii wangeweza kukimaliza kijito ndani ya msimu mmoja. Wapo wanaosema wanamrudisha kwa huruma; mimi maelezo hayo sikuwahi kuyaamini sana.

Mzee wa Msimbati alijibu:

Nimeyasoma maelezo ya ndugu yangu na nimeyapenda, lakini sikubaliani na hitimisho lake. Kama raha imekamilika kabla samaki hajafika mkononi, basi ndoana ya nini? Afunge nzi wake pasipo ndoana, samaki apande, mtu afurahi, kila mmoja aende zake. Yule samaki hachezi. Anapigania uhai wake. Wala si mimi mtu wa pwani peke yangu ninayeona hivyo, kwani Uswisi, nchi ya milima na trauti wake, sheria inakataza kwenda kuvua kwa nia ya kurudisha: aliyefikia kimo halali huuawa upesi akaliwe.

Msinidhanie mtu asiyeijali bahari. Tumeona baruti ilivyovunja matumbawe huku kwetu, na kuwarudisha wadogo tunakujua, na kasa akinasa wavuni tunamfungua kwa sababu sheria inamlinda. Huko ni kurudisha kwenye maana. Kumtesa samaki mzima kisha kumwachia wakati jirani hana kitoweo, hilo bado linanishinda.

Dada wa Uvuvi alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ya ndoana ni nzito na sitajifanya ninaweza kuiondoa. Hata hivyo, kama samaki anaishi au anakufa ni jambo linalopimika. Utafiti uliochapishwa nchini Kanada mwaka 1992 uliwachosha trauti aina ya upinde wa mvua kama wanavyochoshwa na mvuvi, kisha ukawagawa. Katika wale ambao hawakutolewa majini walikufa 12 kwa kila mia. Waliowekwa hewani kwa nusu dakika walikufa 38. Waliokaa hewani dakika nzima walikufa 72. Ndoana ilikuwa haimo kabisa katika jaribio hilo. Picha ndiyo inayoua, yaani ile tabia ya kumwinua samaki juu huku mwenzako akihangaika na simu.

Kwa hiyo, kaka wa Mikindani, ukifika huko tumia uzi wenye nguvu ya kutosha ili usimchoshe muda mrefu, na ile ncha ndogo ya nyuma inayozuia ndoana isichomoke uibane kwa koleo mapema. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa maana mkono mkavu hubandua ute unaomkinga na magonjwa. Mchomoe ndoana akiwa ndani ya maji, mshikilie akiuelekea mkondo mpaka ajiondokee mwenyewe, na usimtie vidole kwenye mashavu. Nzi wa bandia ana heri moja: samaki huwa hamezi, hunaswa mdomoni, tofauti na chambo cha nyama kinachoshuka hadi tumboni. Na mchana wa jua kali, maji yakipata joto, acheni kuvua. Samaki aliyekwisha kumeza ndoana hadi ndani na anayetoka damu mashavuni, mleni. Hapo nakubaliana na mzee.

Mwenyeji wa Mikindani aliandika:

Nashukuru sana, hasa kwa hizo takwimu. Nauliza tena: je, wageni wangu wanaweza kufanya hivyo hivyo hapa kwetu kwa kolekole wanaofukuza dagaa kwenye mlango wa ghuba, au kwa chewa?

Dada wa Uvuvi alijibu:

Kolekole anafaa, kwa kuwa hunaswa karibu na juu na ana nguvu nyingi, ila maji yetu ni ya joto na hubeba oksijeni kidogo kuliko ya Mufindi, kwa hiyo muda wa kumvuta uwe mfupi zaidi. Papa akionekana karibu, hameni, maana aliyechoka huliwa kabla hajapata pumzi. Chewa wa kilindini usimguse kwa mchezo huu. Akipandishwa kutoka kina kirefu hewa ya kibofu chake cha kuogelea hutanuka, macho humtoka na mfuko wa chakula hujitokeza mdomoni. Ukimwachia huelea juu na kuwa chakula cha ndege. Huyo avuliwe na anayemhitaji kwa kula. Kama wageni watavuka kwenda upande wa Msimbati, kumbuka kwamba huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hivyo kibali kiombwe hifadhini kabla ya chombo kuondoka.

Mzee wa Msimbati alijibu:

Marahaba, binti. Kwa chewa tumekubaliana. Hao wa kolekole waje, lakini mmoja katika wale watakaowanasa wamwache kwangu, nitamchoma mwenyewe.