Tupeane uzoefu: kifungua kinywa cha Kituruki ulikilia wapi, ukitazama nini?

Mfuata Mzigo: Ndugu wadau, jana nimeona picha ya bilauri ya chai, ile yenye kiuno chembamba, nikakumbuka Jumapili moja ya Rumeli Hisarı, mtaa wenye ngome kando ya mlangobahari wa Bosphorus, Istanbul. Kwa miaka minne nilikuwa nikifika Istanbul kufuata mzigo Laleli, mtaa wa maduka ya jumla, nakunywa chai ya hoteli kwa haraka na kukimbilia madukani, mpaka mzee anayeniuzia vitambaa aliponichukua pamoja na familia yake. Tulikaa chini ya ngome iliyojengwa mwaka 1452, meli kubwa zikipita Bosphorus mbele yetu, na meza ikajaa visahani: jibini, zeituni, nyanya na matango, mayai yenye sucuk, yaani soseji yao ya viungo, na kaymak, malai nzito, iliyomwagiwa asali. Tulikaa saa tatu nzima, na hakuna aliyetuhimiza kuondoka. Nanyi elezeni.

Bint Mvita: Mandhari nayakubali, lakini chai ya rangi tupu asubuhi ilinishinda, nikaomba maziwa. Mhudumu aliniletea bilauri ya maziwa baridi.

Msomi wa Erzurum: Dada, kosa halikuwa la mhudumu. Chai ile hupikwa kwa mabirika mawili yaliyobebana, la chini lina maji na la juu lina majani, na ukitaka nyepesi unasema "açık". Kuitia maziwa ni kuiharibu.

Bint Mvita: Kaka, kila mtu na kinywa chake. Sikumlaumu mhudumu, nimesimulia.

Mtoto wa Tukuyu: Neno asali limenirudisha Ayder, mkoani Rize. Nimekulia kwenye mashamba ya chai, kwa hiyo nilipoiona ile miteremko ya kijani ikishuka kuelekea Bahari Nyeusi nilijihisi nimefika nyumbani. Tulikaa kwenye baraza la mbao, ukungu umelala juu ya misonobari, tukaletewa muhlama, yaani unga wa mahindi uliopikwa kwa siagi na jibini, ambao ukiuchota kwa mkate unavutika kama uzi. Pembeni kulikuwa na kisahani cha asali nyeusi, chungu kidogo, inayowasha koo. Nilikula vijiko vinne. Haikupita saa moja, jasho baridi likanitoka, macho yakaingia giza, nikasikia wenzangu wakiniita kama watu walio mbali sana. Hospitalini walikuta moyo unapiga mara 38 kwa dakika, wakanitundikia dripu na kunichoma sindano ya kuuamsha. Muuguzi alinieleza kwamba ile ni "deli bal", asali ya wazimu, ambayo nyuki huitoa kwenye maua ya porini yenye sumu, na kwamba wazee wa kule hulamba kidogo mno, tena kama dawa. Mwenye baraza hakunitahadharisha hata kwa neno moja, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mama wa Mapacha: Pole sana mwanangu. Basi ukienda Uturuki usiguse asali.

Msomi wa Erzurum: Mama, tusiwatishe watu. Asali ya mezani Istanbul, au Van kule mashariki, kwa kawaida haina neno. Ulizeni tu mkiwa milima ya Bahari Nyeusi. Na neno lenyewe "kahvaltı" maana yake ni chakula kinachotangulia kahawa, kwa hiyo msiiagize kahawa kabla hamjala.

Mfuata Mzigo: Ulizeni pia kama "serpme", ile meza ya visahani vingi, inahesabiwa kwa kichwa. Sehemu moja tulikuwa watano, tukaagiza ya wawili, tukadaiwa ya watano.

Msafiri wa Ziwani: Mimi nasema nendeni Van. Jibini yao ina majani ya milimani, na murtuğa yao ya unga, siagi na mayai inashibisha mpaka jioni. Kisha mshuke Gevaş, ufukweni mwa Ziwa Van, mkitazame kisiwa cha Akdamar na kanisa lake la Kiarmenia la karne ya 10, theluji ikiwa bado vileleni.

Mama wa Mapacha: Mtoto wa Tukuyu, asali umeacha?

Mtoto wa Tukuyu: Sikuacha, mama. Naionja kwanza kwa ncha ya ulimi, na ikiwasha koo nasogeza kisahani.